Makosa ya Tumpe

Watu wengi hudhani mkaguzi wa njia analipwa kusaka majibu sahihi. Majibu sahihi siku hizi hata mbuzi wa jirani yangu anayo, akivalishwa kifaa. Mimi nalipwa kusoma makosa.

Mchana ule nilikuwa nimejifungia kwenye stoo ya shule yetu hapa Tukuyu, mvua inapiga bati, miguu imelowa, koti la mume wangu mabegani. Mbele yangu kulikuwa na njia za watoto wa darasa la saba, yaani kumbukumbu za jinsi kila mmoja alivyojifunza, zikisubiri muhuri wa kidole changu. Nilizisoma moja baada ya nyingine kwenye kioo. Kuna mtoto alikuwa akisahau sifuri tangu darasa la tatu, akaendelea kuisahau kwa ukaidi wa kupendeza, halafu asubuhi moja akaacha. Mwingine aliamini mizizi ya mmea inatafuna udongo kama sisi tunavyotafuna ugali, na ilimchukua muhula mzima kuachana na wazo hilo. Ukisoma njia unamwona mtoto anaanguka, anainuka, anaanguka tena palepale. Majina hayaonekani mpaka ufike mwisho, ili wakaguzi tusipendelee, na mimi nilikuwa nafurahia kubahatisha ni nani.

Nikafika kwenye njia ambayo ilinifanya nicheke peke yangu. Ndizi ishirini na nne, watoto watano. Mtoto kajibu kila mmoja apate nne, na hakuna inayobaki. Maandazi kumi na nane, watu wawili. Kajibu sita sita. Kila palipokuwa na kugawana, mtoto huyu alimwongeza mtu mmoja ambaye swali halikumtaja.

Nilimjua hapohapo. Ni Tumpe Mwaisumo, niliyemfundisha alipokuwa darasa la tatu. Siku nilipomuuliza kwa nini anakosea namna ile ile kila siku, alinishangaa mimi. "Na la Asegelile je, Mwalimu?" akasema. Asegelile ni kaka yake, aliyekwenda kwenye machimbo ya dhahabu na tangu hapo hajaleta salamu wala hajaletwa. Nyumbani kwao chakula kikigawanywa, fungu lake linatengwa kwanza na kufunikwa kwa jani la mgomba, linalala hapo, na kesho yake ndipo linaliwa. Mtoto aliyekulia hivyo, ukimwambia agawanye, atagawanya kama anavyojua. Ilimchukua zaidi ya mwaka kukubali kwamba katika hesabu za shule kaka yake hayupo, na siku alipokubali alilia darasani, nami nikamtoa nje tukasimama barazani mpaka akanyamaza.

Basi nikavuta mpaka mwisho wa njia, natabasamu kama mjinga, nione jina la Tumpe. Jina lilikuwa Gwantwa Mwakabanga.

Gwantwa ni mwanangu. Nimemzaa mwenyewe, sina mwingine, na nyumbani kwetu hakuna fungu la mtu yeyote linalofunikwa.

*

Watoto wa sasa hawaamini nikiwaambia kwamba zamani cheti kilitolewa kwa majibu. Mashine za majibu zilipoingia kila mfuko, nchi nzima ikafaulu. Wakafaulu wavivu, wakafaulu waliolala, wakafaulu hata waliokuwa wameacha shule, na hospitali zikapokea madaktari ambao hawakuwahi kukosea swali na hawakujua mshipa uko wapi. Ndipo likaundwa Baraza la Njia. Mtoto akisoma, anavaa utepe kwenye paji la uso, na utepe unaandika jinsi ubongo wake unavyohangaika: alipojaribu, alipokosea, alipochoka, aliporudi. Jibu halihesabiwi. Kinachohesabiwa ni njia aliyopita kulifikia, kwa sababu njia haiwezi kuigizwa. Na kabla ya muhuri, kichwa cha mtoto kinapimwa kuona kama kinalingana na njia yake.

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni, na mimi nilikuwa naamini kwamba hilo linatosha, mpaka mchana ule.

Kuigiza haiwezekani, lakini kuhamisha kunawezekana. Madaktari ndio walioanza, kwa nia njema kabisa. Mzee akipigwa na kiharusi akasahau kutembea, mwanawe alikubali kutoa kwenye ubongo wake kipande kidogo cha ujuzi wa kutembea, akachechemea miezi michache, akajifunza tena. Kinachotoka kwa mmoja na kuingia kwa mwingine hakibaki kule kilikotoka. Na hakitoki kama mwenyewe hataki. Ubongo ni kama ng'ombe anayebana maziwa. Usipomtuliza akakubali, utavuta chuchu mpaka jioni. Haikuchukua muda wazazi wenye uwezo wakaona kwamba kinachohamisha kutembea kinaweza kuhamisha na kugawanya.

Nilikaa na jina la mwanangu kwenye kioo mpaka kengele ya kutoka ikalia. Sikupiga muhuri. Niliandika "inasubiri", jambo ambalo mkaguzi anaruhusiwa kulifanya mpaka siku ya kufunga ukaguzi, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa ya wiki ileile.

*

Mume wangu, Gwamaka, ni meneja wa kiwanda kimoja cha chai huku kwetu. Hakukana. Nilitamani akane ili nipate pa kuanzia kumpiga, lakini yeye alivua viatu, akakaa, akaomba chai.

"Ulijuaje?" akaniuliza.

"Nimemfundisha yule mtoto, Baba Gwantwa. Najua makosa yake kama ninavyojua sura yake."

"Basi ni bahati mbaya imeangukia kwako. Mkaguzi mwingine asingejua."

"Ulifanya lini?"

"Likizo. Alipokwenda Mbeya kwa shangazi yake. Tumpe naye alipelekwa na baba yake. Fundi anaaminika, ametoka hospitali, na kumbukumbu za utepe yeye ndiye aliyezibadilisha jina. Hakuna aliyelia."

Nikamuuliza baba yake Tumpe amepata nini. Gwamaka akasema amemtoa kwenye kuchuma majani mvuani na kumweka ndani, kwenye mashine ya kukaushia, kazi ya kudumu, na nyumba ya kiwanda. Alisema kwa sauti ya mtu aliyetoa sadaka.

"Na Tumpe?"

"Tumeandika aliugua malaria ya kichwa. Sheria inamruhusu mtoto aliyeugua kuanza upya. Yule mtoto ana akili, Mama Gwantwa, atapanda tena haraka. Wa kwetu ndiye asingepanda. Wewe mwenyewe unajua. Miaka yote hiyo unamkalisha hapa mezani, unamhimiza, anafungua daftari anafunga. Ulitaka nimwangalie tu anaachwa?"

"Nilitaka ajifunze kuhangaika mwenyewe."

"Akajifunze kwa nani? Wenzake wote kule juu wamehamishiwa. Unadhani mtoto wa mkuu wa wilaya amekosea mwenyewe?"

Hasira ilinipanda mpaka meno yakauma. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba sehemu ya maneno yake ilikuwa kweli. Gwantwa hakuwa mjinga, alikuwa mvivu, na mimi ambaye nimefundisha watoto wa watu kutwa nzima nilikuwa sijaweza kumfundisha wangu kuvumilia swali moja mpaka mwisho.

"Inarudishwa," nikasema. "Mpigie fundi wako."

"Akikubali Gwantwa," akajibu, akavuta kikombe chake. "Bila yeye kukubali haitoki. Muulize."

*

Nilianza kwanza kwa Tumpe. Walikuwa wamekwisha kuhamia nyumba ya kiwanda, ukuta mweupe, sakafu ya saruji. Mama yake alikuwa anamenya ndizi za kupika, na aliponiona akajifuta mikono upesi, akaniletea kiti chenye mto.

"Ndaga, Mwalimu, karibu. Mvua haikukupata?"

"Imenipata kidogo tu, Mama Asegelile."

Tumpe alikuwa sakafuni, amemwaga maharage kwenye ungo. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, na nilipoitika marahaba akarudi kwenye maharage yake. Alikuwa anayapanga mafungu. Anapanga, anahesabu kwa midomo, anayachanganya, anapanga tena. Mtoto wa darasa la saba, aliyekuwa ananifundisha mimi njia fupi za kupata eneo la duara, alikuwa anagawa maharage kumi na mawili kwa watu watatu, na hapati.

Nilimwambia mama yake kilichonileta, kwa sauti ya chini. Nilidhani atalia, au atanilaani, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Yeye alishika mkono wangu kwa mkono wake uliojaa utomvu wa ndizi.

"Mwalimu, nakuomba. Usituharibie."

"Nyie ndio mlioharibiwa, mama."

"Baba Asegelile alikuwa anakohoa damu kule mvuani. Sasa anafanya kazi penye joto, hakohoi. Mimi naijua sheria yenu, nilisomewa kabla ya kutia kidole. Ukisema, Gwantwa anafutwa, na Tumpe anafutwa. Anayetoa na anayepokea. Si ndivyo?"

Ndivyo. Baraza liliweka sheria hiyo miaka ile wazazi maskini walipoanza kutoa njia za watoto wao kama watu wanavyotoa mashamba. Njia iliyohamishwa ikigundulika inafutwa kwenye kichwa cha aliyepokea, na watoto wote wawili hawakanyagi tena shule yenye muhuri, maisha yao yote. Mimi nimepiga muhuri wa kufuta namna hiyo mara mbili, kwa watoto wa mbali, na nikala chakula changu vizuri.

"Kama Gwantwa akikubali kurudisha kimyakimya, je?" nikauliza. "Bila Baraza kujua."

Mama Asegelile alitazama kuta zake nyeupe. "Bwana Gwamaka akikasirika?"

"Bwana Gwamaka niachie mimi."

Hakusema ndiyo. Lakini Tumpe alikuwa ameacha kuhesabu. Alikuwa ananitazama, kiganja kimejaa maharage, na usoni mwake mlikuwa na tumaini la wazi kabisa. Sijawahi kuona aibu kubwa kama ile niliyoiona mimi siku hiyo, nikiwa nimekaa juu ya mto wao.

*

Nilimkuta Gwantwa chumbani kwake, amekaa kitandani, anafanya hesabu kwa hiari yake. Zamani ningechinja kuku kwa kuona jambo hilo.

"Baba amekuambia," nikasema.

"Ameniambia. Umekwenda kwao?"

"Nimekwenda."

"Anaweza?"

"Hawezi. Anagawa maharage."

Aliweka kalamu chini. Mwanangu ana miaka kumi na tatu, ana mashavu ya kitoto bado, lakini alipoinua macho nilimwona mtu ambaye simfahamu vizuri, mtu aliyechoka.

"Mama, unajua inakuja na vitu vingine?" akasema. "Fundi hakusema. Mimi nilidhani nitapata majibu tu. Lakini ile siku ya sehemu za desimali, nakumbuka niliisoma nikiwa na njaa. Mimi sijawahi kuwa na njaa. Nakumbuka utepe umelowa mvua unanibana, na nimekosea mara nyingi mpaka nataka kuuchana, na nikaanza tena. Juzi mezani nilitazama sahani nikaona kuna mtu hajapewa. Nilitaka kulia, sijui ni nani."

"Ni kaka yake."

"Najua sasa."

Nikakaa karibu naye. Nilianza kusema yale ninayoyasema kila mwaka siku ya kufungua shule. Nilimwambia kwamba alichonacho si chake. Kwamba akirudisha, atarudia madarasa, atachekwa, ndiyo, lakini nitakaa naye kila jioni, na hata akifika kidogo, hicho kidogo kitakuwa cha kwake na hakuna fundi atakayemnyang'anya. Nilimwambia jasho lina thamani. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Niliamini kila neno.

Gwantwa alinisikiliza mpaka mwisho, kwa subira ambayo nayo hakuwa nayo zamani.

"Umeniambia hivyo tangu nikiwa mdogo," akasema. "Nilikuwa nasikia tu, Mama. Nilidhani ni maneno ya walimu. Sasa naijua. Najua kila siku ya Tumpe ilivyokuwa. Miaka minne, Mama, kila siku. Hakuna kitu chenye thamani kama hiki hapa ndani kwetu, si nyumba hii, si gari la Baba."

"Basi rudisha, mwanangu."

"Ndiyo maana sirudishi." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuyafuta. "Kitu chenye thamani hivi nani anakirudisha? Mimi nikianza mwenyewe sitafika. Najua kilichohitajika, nimekipitia chote kwa kichwa chake, na mimi sina. Wewe pia unajua sina."

Nilimpiga kofi. Sikuwa nimewahi kumpiga. Alilipokea bila kuinua mkono, na hilo nalo, nadhani, halikuwa lake.

*

Ijumaa nilirudi stoo mapema. Njia za wengine zote zilikuwa zimekwisha. Ilibaki moja.

Mkaguzi ana vitufe viwili tu, cha kijani na chekundu. Nikibonyeza chekundu, ukweli unasimama, na Baraza linamfuta mwanangu, linamfuta na Tumpe. Tumpe na maharage yake, anayeanza upya akiwa na miguu mirefu katikati ya watoto wadogo, angetolewa hata kwenye hayo maharage. Baba yake angerudi mvuani. Nikibonyeza kijani, Gwantwa anakwenda sekondari ya vipaji kwa makosa ya mwenzake, na Tumpe anabaki na ruhusa ya kuanza. Ruhusa tu.

Nilijiambia nafanya kwa ajili ya Tumpe. Nilijiambia mara nyingi, na hesabu ilikubali kila nilipoirudia, kwa sababu ni kweli chekundu kingemuumiza yeye kuliko mtu yeyote. Lakini kidole kilipokuwa juu ya kioo, moyo wangu uliruka kwa furaha. Mwanangu atasoma. Niliisikia furaha hiyo, chafu na ya moto, kabla sijaweza kuizuia. Sitajua kamwe ni kipi kilichobonyeza.

Nilibonyeza kijani. Kioo kikaandika: njia halali.

Jioni Gwamaka alininunulia kitenge. Alisema alijua mimi ni mama kabla ya kuwa mkaguzi. Nilikichukua nikakifungia kabatini, na tangu siku ile tunaongea kuhusu mvua na bei ya mbolea.

*

Wiki iliyofuata nilianza kwenda nyumba ya kiwanda baada ya kazi. Nilimwambia Mama Asegelile kwamba nitamfundisha Tumpe mwenyewe, kila jioni, bila malipo, mpaka afike alikokuwa na kupita. Alinishukuru sana. Alinishukuru kiasi kwamba nilishindwa kumtazama.

Tumpe alileta ungo. Alikuwa amevaa utepe mpya waliompa shuleni, wa rangi ya watoto wa chini, unaoandika kila anapokosea na kila anapopata. Nikampa kumi na tano kwa watu watatu. Akapanga polepole, akakosea, akavunja, akapanga tena, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Safari ya tatu akapata. Nikapiga makofi. Yeye hakutabasamu.

"Mwalimu," akasema, "nikijifunza tena, safari hii nitaachiwa njia yangu?"

Mama yake jikoni aliacha kukoroga. Mimi nimejibu maswali ya watoto maisha yangu yote, na sijawahi kumwambia mtoto kwamba sijui bila kumwahidi nitatafuta.

"Ndiyo," nikasema.

Nilisema upesi mno. Tumpe alinitazama kidogo, kisha akanyoosha mkono, akavua utepe pajini na kuuweka chini kando ya ungo, akanipa mgongo, akaendelea kuhesabu kwa sauti ambayo sikuweza kuisikia.